Mrejesho: vipimo vya mkono kwa nyonga iliyosagika

Wakuu, niliuliza jinsi ya kutofautisha nyonga iliyosagika na maumivu yanayotoka mgongoni, kabla ya eksirei. Asanteni sana.

Kipimo kinachobeba uzito mkubwa ni kuzungusha paja kwa ndani. Mgonjwa analala chali, nyonga na goti vimekunjwa nyuzi 90, kisha unyayo unasogezwa taratibu kuelekea nje. Vigezo vya chama cha madaktari wa viungo cha Marekani (ACR) vya 1991 vinasema: mwenye maumivu ya nyonga, mzunguko ukiwa chini ya nyuzi 15 na kukunja nyonga kusizidi 115, hata bila ESR (kipimo cha damu cha kuonyesha uvimbe mwilini) unaweza kuiita osteoathritisi, yaani kiungo kilichosagika.

Kinachoharibu kipimo ni kiuno. Kikiinuka, nyuzi zinaongezeka za uongo. Mkono mmoja ukae kwenye ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga; ukiisikia inasogea tu, simama hapo, soma kipimapembe. Anza na mguu usiouma ili upate cha kulinganisha.

Kwenye mkao wa namba nne (kifundo cha mguu juu ya goti la pili, paja likishushwa nje), uliza panauma wapi: kinenani ni nyonga, nyuma karibu na sakramu (mfupa wa chini ya mgongo, kati ya mifupa ya nyonga) shuku kiungo cha hapo. Ila maumivu ya takoni wakati wa kuchuchumaa msiyasukumie mgongo haraka. Nyonga nayo huyaleta.