Samaki wangu wa tangini, gapi na plati, wanazaliana kupita kiasi, nifanyeje?

Swali: Tangi la lita 80 lina gapi na plati: madume 4, majike 7, na vifaranga visivyohesabika. Nabadilisha robo ya maji kila wiki, lakini naitreti (kemikali itokanayo na uchafu wa samaki) haishuki chini ya 80 mg/l. Nianzie wapi?

Jibu 1: Ondoa majike yote, baki na madume tu. Pezi la chini nyuma ya tumbo la dume limechongoka kama kijiti. La jike ni pana. Kuondoa madume peke yake hakutoshi, maana jike huhifadhi mbegu na huweza kuzaa kila wiki 4 hivi kwa miezi kadhaa bila dume. Vifaranga vikague kuanzia wiki ya 3. Ukichelewa, ndugu watapandana.

Jibu 2: Pia punguza mimea inayoelea, ndiyo maficho ya vifaranga. Lisha mara 1 kwa siku, chakula kiishe ndani ya dakika 2. Samaki aina ya enjeli hula vifaranga, ila lita 80 hazimtoshi, na akikomaa humeza hata gapi wazima.

Jibu 3: Tafadhali, wa ziada wape wafugaji wengine. Usiwamwage mtoni kamwe! Gapi huvamia makazi ya samaki wa asili.