Salio la ghala linapoteza kilo mizani mbili zikipokea kwa pamoja: Django na PostgreSQL

Shangani_Dev
Wakuu, salaam kutoka Mtwara. Huu ni mfumo wa kupokea korosho ghalani, umeandikwa kwa Django (fremu ya Python), na kanzidata yake ni PostgreSQL. Mizani ni mbili, kila moja ina karani na kompyuta yake. Mzigo ukipimwa, msimbo unafanya hivi (pk ni namba ya utambulisho wa mstari wa ghala):

`ghala = Ghala.objects.get(pk=3)`
`ghala.salio_kg += mzigo.kilo`
`ghala.save()`

Ikitumika mizani moja, hesabu inakaa sawa. Zikipokea zote, salio linakuwa dogo kuliko jumla ya stakabadhi. Mfano: salio 48,200, ikaingia mizigo ya kilo 1,600 na 2,400 kwa wakati mmoja. Badala ya 52,200 ikasoma 50,600. Nimeweka refresh_from_db(), inayosoma mstari upya kutoka kanzidata, kabla ya kujumlisha. Tatizo limepungua, halijaisha. Kwa nini objekti haifuati kanzidata?

Mikindani_Data
Mkuu, haikuahidi kufuata. get() inachukua nakala ya mstari na kuiweka kwenye memori, basi. Mstari ukibadilishwa na mwingine, nakala yako haina wa kuiambia.

Namba zako zinajieleza. Wote wawili wamesoma 48,200. Wa kwanza kaandika 49,800. Wa pili kajumlisha 2,400 kwenye 48,200 yake, kaandika 50,600 juu yake. Kilo 1,600 zimekwenda na kwenye logi hakuna kosa hata moja. refresh_from_db() inafupisha pengo kati ya kusoma na kuandika, haizibi.

Usijumlishe ndani ya Python, iachie kanzidata (F() ni thamani iliyomo kwenye safu ya kanzidata wakati wa kuandika):

`Ghala.objects.filter(pk=3).update(salio_kg=F('salio_kg') + mzigo.kilo)`

Kwa READ COMMITTED, kiwango cha kawaida cha PostgreSQL cha kutenganisha miamala, anayechelewa anasubiri muamala wa mwenzake uishe, kisha anajumlisha kwenye thamani mpya. Ila update() haipitii save(), kwa hiyo signali za post_save (taarifa ambazo Django hutuma baada ya save()) hazitaamka. Na objekti uliyoishika bado ina namba ya zamani: kabla ya kuchapa salio kwenye stakabadhi, soma upya.

Newala_2
Ukiweka F() kwenye objekti kisha ukaita save(), kabla ya Django 6.0 ile hesabu inabaki imening'inia humo. save() ya pili inaingiza kilo zilezile tena.

Halafu save() tupu inaandika safu zote. Hata msimbo unaobadilisha simu ya msimamizi tu unaweza kurudisha salio la zamani. Andika save(update_fields=['simu']).

Shangani_Dev
Asante wakuu. Na kutoa mzigo? Lazima nihakikishe kilo zinatosha kwanza.

Mikindani_Data
Weka sharti humohumo: filter(pk=3, salio_kg__gte=kilo).update(...) ya kupunguza; __gte ni "sawa na au zaidi ya". Ikirudisha 0, hazitoshi (au pk si sahihi).

Kuhamisha kutoka ghala la Mtwara kwenda Masasi ndiko kunahitaji select_for_update() (inafunga mistari hadi muamala uishe), ndani ya transaction.atomic() (inayofungua muamala), nje yake utapata TransactionManagementError. Funga mistari yote miwili kwa mpangilio wa pk. Vinginevyo mmoja atashika Mtwara akingoja Masasi, mwingine kinyume chake, na PostgreSQL itamkatizia mmoja muamala wake.

Newala_2
Mimi safu ya salio ningeiondoa kabisa. Stakabadhi ndizo ukweli. Tumia aggregate(Sum('kilo')) kwa stakabadhi za ghala husika, safu ya ghala iwe na indeksi, ukitoa zilizotoka. Safu ya salio ibakize tu kama kujumlisha kumeanza kuchelewesha foleni ya mizani.

Shangani_Dev
Naanza na update() leo. Sum nitaiweka iwe ya kulinganisha kila jioni ghala likifungwa.