Binti yangu anasoma shule ya Kichina, mdogo wangu yuko Ufini anasema nimpeleke kwake. Nifanyeje?

Mzigo Umefika:
Habarini wakuu, naombeni ushauri maana usingizi sipati. Niko Yiwu, China, miaka mingi sasa, kazi yangu ni mizigo, nanunulia watu bidhaa soko la Futian na kujaza makontena. Nina binti yuko darasa la nne shule ya serikali, ya Kichina kabisa siyo intanesheno. Kichina anaongea kama wao, hesabu yuko vizuri, tabia hana shida.

Shida ni huo msoto. Asubuhi kabla ya saa mbili yuko darasani, anatoka saa kumi na moja na nusu jioni, akimaliza kula tu anakaa na homuweki. Mwalimu anaituma kwenye grupu la WeChat na mzazi unatakiwa usaini, usiposaini unatajwa kwa jina mbele ya wazazi wote. Halafu kuna daftari la makosa. Swali ukikosa unalinakili upya, unaandika kwa nini umekosa, unalifanya tena mpaka lipate. Kwa hesabu ni kitu kizuri sana sikatai. Sasa juzi nafungua daftari kwa nyuma nakuta ameanzisha kurasa zake za makosa ambayo siyo ya hesabu. "Nilicheka kwenye mstari." "Nilichelewa kuamka usingizi wa mchana." "Nilimjibu bibi kwa Kiswahili." Kila moja ana sababu na sahihisho chini yake. Miguu iliniisha nguvu.

Mdogo wangu ana familia yake Ufini, ananiambia mlete huku mtoto apumue, watoto wanatoka nje kucheza kila baada ya kipindi hata kwenye barafu, homuweki kiduchu, hakuna kutajwa mtu. Swali langu ni hilo tu, kwa mtoto wa miaka kumi elimu ipi ni bora, ya Mashariki au ya Magharibi? Wenye uzoefu tafadhali, matusi pembeni.

Kachumbari:
Nimewahi siti ya mbele.

Babu Mkongojo:
Sisi tulisoma chini ya mwembe, darasa moja watu zaidi ya mia, fimbo asubuhi fimbo jioni, shamba la mwalimu tunalima sisi na kuvuna tunavuna sisi, na hakuna aliyekufa. Leo mtoto kuandika makosa yake mama anakosa usingizi. Mchina kafika pale alipo kwa hayo hayo unayolalamikia. Mwache asome.

Fundi Redio:
Babu hilo shamba ilikuwa ndiyo Elimu ya Kujitegemea ya 1967 au mwalimu wenu alikuwa anajitegemea kupitia nyie? 😂

Chaki Nyeupe:
Nafundisha shule ya msingi huku Uingereza nikuambie kitu dada. Hawa wazungu unaowaona wana elimu ya kucheza walienda wenyewe Shanghai kujifunza. Shanghai iliongoza PISA, ule mtihani wa kimataifa wa kulinganisha wanafunzi wa miaka 15, mwaka 2009 na 2012, serikali ya huku ikaanza kubadilishana walimu wa hesabu nao, na 2016 wakatangaza pauni milioni 41 ili nusu ya shule za msingi, kama 8,000 hivi, zifundishe hesabu kwa mtindo ule. Darasa zima linaenda pamoja, somo moja dogo linachimbwa mpaka mwisho, hakuna kumwacha mtu nyuma. Mimi mwenyewe natumia na nimeona faida yake.

Ila kitu hatukuweza kukileta ni ratiba. Mwalimu wa hesabu wa Shanghai anafundisha hesabu tu, vipindi kama viwili kwa siku, muda unaobaki anasahihisha na aliyekwama anaitwa siku hiyo hiyo. Mimi hapa asubuhi hesabu, saa nne Kiingereza, mchana historia, jioni nawafunga watoto zipu za makoti. Kwa hiyo ukiniuliza Mashariki au Magharibi nitakuuliza mwalimu wake ana muda gani. Daftari la makosa lenyewe halina kosa, kosa nani kamfundisha kwamba kucheka kunaingia humo.

Mtu wa Nakuru:
Sisi Kenya tulichoka na kukariri, tukaleta CBC, mtaala wa umahiri, na KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya mwisho ikafanywa 2023. Sasa ni mzazi anazunguka mtaani saa tatu usiku akitafuta manyoya ya kuku na maboksi ya mradi wa mtoto. Mtoto amelala. Mimi ndio niko Grade 4.

Bingwa wa Tambi:
Nimesoma Wuhan, acha niseme kidogo. Watu wanadhani Wachina wanapenda kutesa watoto, hapana, wale wana historia na mtihani. Mtihani wa kuingia kwenye utumishi wa mfalme uliendeshwa zaidi ya miaka elfu moja mpaka ukafutwa 1905. Halafu wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni mtihani wa kuingia chuo ulisimamishwa, ukarudi 1977, wakaufanya watu kama milioni 5.7 na waliopata nafasi hawakufika laki tatu. Siku hizi unaanza tarehe 7 Juni, alama 750 mikoa mingi, siku hizo ukienda karibu na shule hata honi hupigi. Na kabla ya hapo wakimaliza darasa la tisa kuna mtihani mwingine unaowagawa, takriban nusu wanaenda sekondari ya kawaida, waliobaki ufundi. Ndio maana 2021 serikali ilipopiga marufuku biashara ya tuisheni ya masomo makuu, wenye hela walihamishia tuisheni sebuleni na bei ikapaa.

Lakini dada nina maswali. Mtoto wa mgeni haingii kwenye foleni hiyo ya gaokao, yaani huo mtihani wa kuingia chuo, chuo anaomba kwa mlango wa wanafunzi wa kigeni. Sasa kama mtoto ni Mtanzania hiyo presha yote mnaitolea wapi? Na bibi yupi huyo ambaye kujibiwa kwa Kiswahili ni kosa? Bibi wa Tanga?

Mzigo Umefika:
Asanteni kwa michango. Chaki Nyeupe umenigusa sana. Bingwa, bibi ni bibi tu, naomba turudi kwenye mada, mimi nimeuliza kuhusu mfumo wa elimu sijauliza mambo ya familia.

Kachumbari:
Bibi ni bibi tu 😂😂 nasogeza kiti.

Kobe wa Tampere:
Mimi niko hapa hapa Ufini na watoto wanasoma hapa. Kwanza aliyokuambia mdogo wako ni kweli kwa sehemu kubwa. Darasa la kwanza wanaanza na miaka 7, walimu wana shahada ya uzamili, chakula cha mchana shuleni ni bure tangu 1948, mwalimu anaitwa kwa jina lake, wavulana wanashona na wasichana wanaranda mbao. Mgeni anawekwa kwanza darasa la maandalizi kama mwaka mmoja ajifunze Kifini.

Ila usije na picha ya zamani. Hesabu za PISA, 2006 walipata 548, 2022 wakapata 484 wakati Singapore wana 575, na wenyewe wanagombana magazetini nani kaharibu. Na ule mgawanyo wa darasa la tisa aliousema Bingwa hata huku upo, mwingine sekondari mwingine ufundi kulingana na alama. Tofauti ni kwamba huku fundi bomba akienda ukweni hainamishi kichwa, na akitaka baadaye anaingia chuo cha sayansi tumizi. Presha ya mtoto haiko kwenye vitabu tu, iko kwenye kinachomsubiri akikosa.

Sasa la muhimu. Mama mdogo siyo familia kwa sheria za uhamiaji za huku. Familia ni mume, mke, mtoto na mlezi wa mtoto. Anampata vipi kibali cha kuishi? Viza ya matembezi ni siku 90 basi. Na mtoto lazima wazazi wote wawili wakubali. Baba yake yuko wapi na mtoto ana pasipoti ya nchi gani? Ukinijibu hayo mawili nitakusaidia, usipojibu hapa tunapiga soga.

Mzigo Umefika:
Haya jamani.

Baba yake ni Mchina. Tumefunga ndoa halali, tunaishi pamoja, na mama mkwe tunaishi naye. Mtoto kazaliwa hapa, kaandikishwa kwenye hukou, daftari la usajili wa kaya, ya baba yake, ni raia wa China na wao uraia wa nchi mbili hawatambui. Baba yake anajua tunaenda Ufini likizo ya kiangazi. Asichojua ni kwamba tiketi ya kurudi ni ya mtu mmoja.

Kabla hamjanirukia nisikilizeni. Nimeongea naye sijui mara ngapi. Baba mkwe wangu, marehemu sasa, ni mmoja wa hao waliofaulu 1977, alitoka kijijini na kiatu cha kuazima akawa injinia. Kwa hiyo mume wangu na mama yake ukiwaambia mtihani unamuumiza mtoto ni sawa na kuwatukania marehemu. Siyo watu wabaya. Bibi ndiye anayemwosha, anamsuka, anakaa naye homuweki mpaka mwisho mimi nikiwa ghalani. Lakini mtoto Kiswahili anakificha siku hizi, hata mimi ananijibu Kichina. Fomu za viza nimeshajaza, miadi Shanghai ninayo, mdogo wangu ameshaongea na shule ya jirani. Mwaka mmoja tu, nikitulia nitamwelezea.

Fundi Redio:
Kwa hiyo swali halikuwa Mashariki na Magharibi, swali lilikuwa mumeo na mdogo wako.

Babu Mkongojo:
Ndio hasara za kuoa na kuolewa mbali bila kuuliza wazee. Na huo unaoutaka unaitwa utoroshaji, usiupake rangi ya elimu.

Mzigo Umefika:
Babu mimi ni mama yake nimemzaa, mtu hatoroshi cha kwake.

Kobe wa Tampere:
Baba naye anasema hivyo hivyo dada. Hiyo shule ya jirani itauliza kibali, uhamiaji watauliza saini ya baba, na hapo likizo imeisha.

Zawadi ya Kwanza:
Naomba nichangie nje kidogo ya mada. Mimi nilipelekwa kwa mama mdogo nikiwa darasa la tatu nikasome mjini, kwetu shule ilikuwa mbovu. Nilisoma kweli, chuo nimefika, kazi nzuri ninayo. Mama mdogo hakunitesa wala nini. Ila niliambiwa naenda kutembea na nguo zangu zingine zikaja na basi baada ya wiki, nikajua hapo. Mpaka leo nikimpigia mama yangu mzazi tukishamaliza kusalimiana hatujui tuongee nini. Sisemi usimpeleke. Mwambie yeye kwanza, ana miaka kumi siyo mzigo.

Mzigo Umefika:
Zawadi umeniliza. Kumwambia nilipanga tukiwa kwenye ndege.

Jicho Kavu:
Wakuu hii ni CHAI. Huyu huyu mwaka jana alifungua uzi anauliza bei ya bajaji used Mwanza na kama inalipa. Leo yuko Yiwu ana mume Mchina na mkwe wa 1977. Daftari la makosa la kuliza watu, nyie mnalia kweli. Kesho atasema anauza skripti.

Kachumbari:
Chai ya maziwa au ya rangi? Mwenye vitafunwa asogee.

Mtu wa Nakuru:
Nimeandika juu ya manyoya ya kuku nikiwa na uchungu wa kweli, kumbe ni sinema.

Mzigo Umefika:
Bajaji ni ya kaka yangu wa Mwanza, aliniomba nimuulizie humu kwa sababu yeye alifungiwa akaunti kwa matusi. Sina haja ya kuwathibitishia.

Jicho Kavu:
Jibu la aliyebanwa. Weka picha ya hilo daftari.

Chaki Nyeupe:
Daftari la mtoto halipandishwi mtandaoni, Jicho acha hizo.

Bingwa wa Tambi:
Acheni nimpime mimi. Dada, mtoto akifanya yale mazoezi ya macho darasani, sauti kwenye spika inahesabuje? Hiyo haipo kwenye kitabu cha kujifunza Kichina.

Mzigo Umefika:
Moja mbili tatu nne, tano sita saba nane. Halafu badala ya kuanza moja tena inasema mbili, mbili tatu nne. Kisha tatu, mbili tatu nne. Namba ya mwanzo inakuwa ya duru. Binti yangu alikuwa akihesabu hivyo kwa Kiswahili alipokuwa mdogo, wifi yangu wa Tanzania akaniambia mtoto hajui kuhesabu mpelekeni chekechea.

Bingwa wa Tambi:
Hahahaa huyu yuko kweli, au kaishi na mtoto wa hivyo. Nimemaliza.

Jicho Kavu:
Mnamalizwa na mazoezi ya macho. Haya.

Ndugu Kontena:
Samahani niko nje ya mada, dada kama kweli uko Yiwu unafanya kukusanya mizigo midogo midogo kwenda Dar? Nina taa za sola na vikoba vya shule. Njoo inbox.

Chaki Nyeupe:
Mzigo, kabla ya Ufini kuna mambo hapo hapo Yiwu. Nenda kwa mwalimu wa darasa na hilo daftari, siyo kwenye grupu, ana kwa ana. Wao wenyewe baada ya 2021 sheria yao inasema darasa la tatu mpaka la sita kazi ya kuandika nyumbani isizidi saa moja kwa siku. Ikizidi muulize nani anaiongeza, shule au nyumbani.

Mzigo Umefika:
Ya shule inaisha mapema kweli. Inayobaki ni ya bibi, ana vitabu vyake alivyonunua. Sikutaka kuliandika hilo kwa sababu mtaniambia tatizo siyo mfumo.

Fundi Redio:
Hatujasema kitu.

Kobe wa Tampere:
Dada swali la mwisho kutoka kwangu. Ya viza umejaza, tiketi umeshika, miadi unayo. Pasipoti ya mtoto unayo mkononi?

Mzigo Umefika:
Anayo bibi yake. Vyeti vyote vya nyumba anatunza yeye kwenye kabati lake. Nilimwambia naihitaji kwa ajili ya likizo, akasema sawa, siku ya miadi Shanghai tutaenda wote watatu.

Kachumbari:
Huyo bibi anasoma huu uzi.