Sims 4: baada ya apdeti wahusika wana vipara na fenicha hazipo, nianzie wapi?

ChungwaChachu: Wakuu, salaam. Natumia The Sims 4 kwenye Windows. Folda ya Mods ina faili kama 400: nywele, nguo, fenicha, na mod (nyongeza za gemu) sita za skripti, yaani zinazobadilisha uchezaji, MCCC (MC Command Center) ikiwemo. Gemu imeingia apdeti, sasa wahusika wote wana vipara na nusu ya fenicha haionekani. Sijasevu chochote. Naogopa kufutafuta ovyo nikaiua familia ya vizazi vinne. Nianzie wapi?

MzeeWaFolda: Umefanya la maana kutosevu. Nyumba ikifunguliwa bila CC (custom content, vitu vilivyotengenezwa na wachezaji), gemu inakiondoa kila kiti isichokitambua. Ukisevu hapo, hata faili ukiirudisha kiti hakirudi, utakinunua upya.

Nenda Documents, Electronic Arts, The Sims 4, unakili folda tatu mahali pengine: saves, Tray na Mods. Kama Documents yako iko chini ya OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft), simamisha OneDrive kwanza. Ikianza kuhamisha faili wakati gemu inazitafuta, utazilaumu mod zisizo na kosa.

Halafu jua kwamba kila apdeti inazima mod zote. Fungua Game Options, Other, weka tiki kwenye Enable Custom Content and Mods na Script Mods Allowed, bofya Apply Changes, toka kabisa kwenye gemu, ingia upya. Usipoingia upya hakuna kitakachobadilika.

ChungwaChachu: Ahsante mkuu, nywele na fenicha zimerudi. Ila sasa friji nikiibofya, kimya, menyu haitoki. Nifute mod zote?

BintiPaketi: Usifute kitu. Friji ni ya CC au ya gemu yenyewe? Anzisha sevu mpya ya majaribio, weka friji ya gemu pembeni ya ile yako. Ya gemu ikifanya kazi, basi yako imepitwa na wakati: tafuta toleo jipya kwa aliyeitengeneza, au jaribu programu ya Sims 4 Studio, ina marekebisho ya mkupuo kwa baadhi ya vitu vilivyovunjwa na apdeti.

ChungwaChachu: Zote mbili kimya.

BintiPaketi: Basi si friji. Kuna mod inayogusa mapishi au menyu. Nguo na nywele ni umbo na picha tu, ni nadra kuharibu menyu, ziweke mwisho wa foleni. Anza na faili za .ts4script, ndizo skripti zenyewe, pamoja na .package (aina ya faili za CC na mod nyingine) zilizokuja nazo. Zihamishie desktopu, futa localthumbcache.package (ni kashe, gemu itatengeneza nyingine), kisha jaribu. Kama Windows inakuficha mwisho wa majina ya faili, washa File name extensions kwenye View, la sivyo utazichanganya.

Friji ikipona, rudisha skripti moja moja, toleo jipya la kila moja. MCCC usichanganye matoleo: toa zote za zamani ndipo uweke mpya, ila mc_settings.cfg ibakize, ndimo mipangilio yako ilimo. Skripti ikizama zaidi ya folda moja ndani ya Mods haisomwi. Package zinavumilia hadi folda tano.

MzeeWaFolda: Isipopona, gawa nusu kwa nusu. Toa nusu ya package, jaribu. Kosa likibaki limo kwenye nusu iliyobaki, igawe tena. Faili 400 zinaisha kwa raundi 9. Nusu zote mbili zikionyesha kosa, wabaya ni zaidi ya mmoja. Zote mbili zikiwa safi, kuna mod mbili zinazogombania kitu kimoja.

Ngalawa7: Si aunganishe package zote ziwe moja kwa Sims 4 Studio? Gemu inafunguka haraka.

BintiPaketi: Si leo! Ukiunganisha, mbovu moja unaitafutaje humo? Nguo sawa, tena ukiwa umetunza faili zake za awali. Mod za mchezo kamwe.

ChungwaChachu: Raundi ya 7 nimeikamata: package ya mapishi ya mwaka 2021, ilikuwa imejificha kwenye folda ya fenicha. Friji inafunguka. Lakini tarehe ya sevu ya familia inaonyesha iliandikwa jana, mod zikiwa zimezimwa. Mdogo wangu huyo. Viti ndiyo basi?

MzeeWaFolda: Bado. Ndani ya saves, kando ya Slot_00000002.save, kuna faili za jina hilohilo zinazoishia .ver0 hadi .ver4. Ni nakala za sevu zilizotangulia, ver0 ndiyo ya karibuni zaidi. Angalia tarehe, nakili ile ya kabla ya apdeti, ondoa .ver na uipe namba isiyotumika, mfano Slot_0000000a.save. Itatokea kwenye Load Game. Na huyo mdogo wako asiguse kompyuta mpaka umalize, maana kila akisevu, nakala ya zamani kuliko zote inasukumwa nje.