PUNGUZA MWILI?! Spoki nne zimekatika halafu kosa liwe langu

Wakuu sina salamu leo, nimetoka pale sasa hivi, mikono bado ina grisi. Yule jamaa wa duka la baiskeli. Simtaji, wote mnamjua, yule anayeshika gurudumu lako kwa vidole viwili kama kashika panya aliyekufa. Leo kaniambia PUNGUZA MWILI. Mbele za watu.

Ngoja niwape mkanda. Kabla ya safari nilimfuata nikamweleza polepole kama namfundisha mtoto kuhesabu, kwamba naenda siku 11, njia kubwa ni changarawe, nabeba hema, jiko, nguo na maji lita 6, mzigo wote kilo 28, nataka gurudumu la nyuma ambalo halitanitupa njiani. Nikamuuliza vipi nikichukua la spoki 36? Akacheka. Akasema 36 mambo ya zamani hayo, rimu za sasa ngumu, beba hili la spoki 24, jepesi, utapaa dada. Nikabeba.

Siku ya 4, kama kilomita 380 hivi, napanda kamuinuko hata sio kilima, nasikia TANG! Nikajua kokoto. Kidogo mbele TANG! nyingine, gurudumu likapiga nane, rimu ikaanza kusugua breki kila mzunguko shwaa shwaa shwaa mpaka nikafungua breki ya nyuma nikawa natumia ya mbele peke yake, kwenye changarawe, na mzigo wote ule! Jioni zikawa nne. Zote upande wa kaseti, lile fungu la gia za nyuma. Sasa mnaojua mnajua, spoki ya upande ule huipachiki bila kutoa kaseti, na kifungulio cha kaseti nilitaka kununua kwake yeye yeye, akaniambia cha nini, huko njiani mafundi wamejaa. Wamejaa wapi? Nilikutana na mbuzi. Nikasukuma kilomita 19. KUMI NA TISA wakuu.

Haya, leo nampelekea. Mle ndani kuna watu kama sita. Analizungusha gurudumu, linayumba kama limetoka kilabuni, anachomoa kipande cha spoki, anakiangalia, anakitupa chini, halafu ananipima kuanzia kofia mpaka soli za viatu, anasema kwa sauti ya kipaza sauti: "Gurudumu halina shida. Punguza mwili."

Nina kilo 61! Upepo ukivuma vizuri nashikilia nguzo! Na watu wakacheka, kuna mmoja alikuwa anachagua kengele, alicheka mpaka kengele ikalia mkononi. Punguza mwili. Nipunguze nini sasa, mguu? Nikanyage na mmoja? Hakusema pole, hakusema ngoja niangalie, hakuuliza nilibeba vipi. Punguza mwili tu basi, akageukia mteja mwingine.

Nimekuja hapa nipumue, la sivyo narudi kule na pampu.

Kanyagio
Pole dada ila hapo kwenye kengele kulia nimeshindwa kujizuia 😂😂. Mimi nilimpelekea pedali inayolia akaniambia miguu yangu ndio mibaya.

Chubu Mbili
Yule yule! Mimi tairi ilipasuka ubavuni, akasema naendesha kwa hasira. Yaani duka zima hakuna kitu kibovu, wabovu ni sisi wateja.

Mwendo Pole
Povu ruksa lakini dada tuambizane. Spoki 24 na kilo 28 juu yake, ulitegemea nini? Hilo ni gurudumu la mbio. Gurudumu la nyuma ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito wako, ukajumlisha na mifuko yote ukairundika huko huko nyuma, hata lingekuwa na roho lingekimbia.

Mleta uzi
Mwendo Pole soma uzi! NILISEMA 36. Nilisema kwa mdomo wangu, akacheka. Angekuwa kaniambia ukweli siku ile nisingesukuma kilomita 19 nije niambiwe punguza mwili.

Mwendo Pole
Nimesoma. Na uliondoka na 24.

Mzee wa Spoki
Mwanangu tulia kwanza. Zilikatikia wapi? Kwenye kiwiko pale spoki inapojikunja kuingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, au huku juu kwenye kinati cha rimu?

Mleta uzi
Shikamoo mzee. Kwenye kiwiko zote nne.

Mzee wa Spoki
Marahaba. Basi huo ni uchovu wa chuma, na mara nyingi unaanzia kwa aliyesuka gurudumu. Sikilizeni na nyie vijana. Spoki inafika chini inalegea kidogo, ikipanda inakaza tena, kila mzunguko. Kwa tairi nene za safari gurudumu linazunguka karibu mara 450 kwa kilomita, kwa hiyo mpaka kilomita 380 hicho kiwiko kimevutwa na kulegezwa zaidi ya mara laki moja na nusu. Spoki zikiwa zimekazwa sawasawa zinavumilia hayo miaka. Zikiwa hazilingani, moja imelegea nyingine imekaza, kiwiko kinachezacheza mpaka kinakatika, na ikishakatika moja jirani zake wanabebeshwa mzigo wake nao wanafuata. Ndio maana ulisikia tang, kidogo tang. Uzito unaharakisha tu, na kilo 61 sio uzito wa kusema.

Unachotaka ni spoki 36 zilizopishana mara tatu, zile zenye milimita 2 kwenye viwiko na 1.8 katikati. Usiogope wembamba wa katikati, hapo ndipo panaponyumbuka kumeza mitikisiko ili kiwiko kisiumie. Na anayesuka akimaliza kukaza azibinye kwa mikono jozi kwa jozi gurudumu zima, zijikalie mahali pake, ndipo azipime tena. Gurudumu ambalo halijabinywa mimi sipandi nalo hata kwenda kuchota maji.

Mleta uzi
MMESIKIA? Mzee kasema sio uzito! Asante sana mzee, naomba ruhusa niiprinti hiyo nikaibandike mlangoni kwake kwa gundi ya kiraka. PUNGUZA MWILI.

Chubu Mbili
Baiskeli nyingine za watu wawili zina spoki 40 mpaka 48, nadhani hao nao wangeambiwa mmoja ashuke.

Nusu Pampu
Mnahangaika na spoki wakati tatizo ni saizi. Safari ndefu chukua inchi 26, rimu ya milimita 559. Gurudumu dogo ni gumu zaidi kwa spoki zile zile kwa sababu spoki ni fupi, mjadala umefungwa.

Mnyororo Mkavu
Haujafungwa popote. Miaka ya nyuma sawa, 26 ulikuwa unaipata kila kona, sasa hivi baiskeli mpya nzuri karibu zote ni rimu za 622 au 584, ukitafuta tairi bora la 26 chaguo zinazidi kupungua. Na 622 inapita juu ya mashimo kilaini.

Nusu Pampu
Kilaini mpaka ipige nane kama ya dada hapo juu.

Keria ya Chuma
Mimi yule jamaa kaniuzia keria ya alumini. Siku ya 2 mguu wa keria ukakatika pale kwenye boliti, mfuko ukaingia kwenye spoki. Namwambia, ananijibu "ulifunga boliti ukiwa na mawazo". Chuma kikikatika mchomeleaji yeyote anakiunga, alumini nani atakuchomelea porini? Na boliti za keria zipakeni gundi ya nyuzi za boliti zisilegee, mzikague kila asubuhi, mimi nabeba nne za akiba za milimita 5.

Kanyagio
"Ulikuwa na mawazo" 😂😂😂 huyu mtu ana kipaji

Mleta uzi
Keria ya Chuma pole sana ila wewe uliambiwa una mawazo, mimi niliambiwa nina mwili. Mbele za watu sita. Tusipotoke.

Mnyororo Mkavu
Na mbona hakuna anayetaja tyublesi? Tangu nitoe chubu sijaziba pancha ndogo hata moja, ile dawa ya ndani inaziba yenyewe.

Chubu Mbili
Mpaka tairi ichanike, dawa ikumwagikie usoni, na bado unarudi kuomba chubu kwetu. Chubu mbili na viraka, jina langu halikuja bure. Tena angalia tundu la valvu kwenye rimu kabla hujasafiri. Valvu nene kama ya gari inataka tundu la milimita 8.5, nyembamba inataka 6.5. Ya nyembamba inaingia kwenye tundu kubwa ukiweka ringi ndogo ya kuzibia, ila nene kwenye tundu dogo haiingii hata ulie.

Nusu Pampu
Hapa naungana na Chubu Mbili kwa mara ya kwanza maishani.

Mleta uzi
Jamani wakuu. Punguza mwili. Nirudi kudai pesa yangu au niache? Nipeni mawazo nimekaa nasubiri.

Miguu Miwili
Samahani nimechelewa kuingia, nina swali kwa Mzee wa Spoki. Rimu yangu upana wa ndani ni milimita 19, nataka kuweka tairi ya 47, itakaa kweli?

Mzee wa Spoki
Inakaa vizuri mwanangu. Usiijaze upepo mwingi tu, tairi pana haitaki kupigwa kama nyembamba, hasa kwenye changarawe.

Miguu Miwili
Shukrani mzee. Na tandiko la ngozi je, linachukua muda gani kuzoea?

Kanyagio
Tandiko la ngozi lifungulie uzi wake, hilo lina povu la peke yake.