Inhela za pumu shuleni: zikae wapi, na mtoto akibanwa tuanzie wapi?

Mwalimu wa Pongwe:
Habari za jioni wadau. Shuleni kwetu tuna wanafunzi saba wenye pumu. Wazazi wameleta inhela za bluu za salbutamoli, zimefungiwa kabatini kwa mkuu wa shule. Mazoezi ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, yameanza. Mtoto akibanwa uwanjani, mwalimu wa zamu afanyeje?

Muuguzi wa Chumbageni:
Mwalimu, anza na hilo kabati. Ufunguo ukienda kikaoni na mkuu, dawa haipo. Mtoto mkubwa aibebe mwenyewe, ya mdogo ashike mwalimu wa darasa. Kila moja iandikwe jina.

Akibanwa, mkalishe wima, usimlaze. Tikisa inhela, bonyeza mara moja tu ndani ya chombo cha kuvutia dawa, avute na kutoa pumzi humo mara 4 au 5. Tikisa tena, rudia mpaka umebonyeza mara 4. Subiri dakika 4. Kama bado, mpe 4 nyingine. Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikizama ndani au midomo ikibadilika rangi, gari liondoke kwenda hospitali ya Bombo hapo hapo, dawa iendelee njiani.

Mwalimu wa Pongwe:
Shukrani, dada. Hicho chombo hatuna.

Mfamasia:
Chupa ya maji ya nusu lita inatosha, mwalimu. Toboa kitako kwa umbo la mdomo wa inhela, ichomeke, zungushia plasta isivuje. Mtoto abane midomo kwenye shingo ya chupa. Bila chombo, dawa nyingi inaishia kooni. Ioshe kwa sabuni ya vyombo na iachwe ikauke yenyewe, maana ukiifuta kwa kitambaa dawa inang'ang'ania plastiki. Kila mtoto na chupa yake.

Angalieni na hili: kopo lina dozi 200. Dawa ikiisha bado linapuliza, na mlio ni ule ule. Lisilo na kihesabio, andikeni daftarini kila mnapobonyeza. Na lisiachwe juani. Mwisho nyuzi 30.

Muuguzi wa Chumbageni:
Nyongeza. Mtoto aliyekula kamba au korosho, au kuumwa na nyuki, kisha akavimba midomo na kubanwa, huyo anahitaji sindano ya adrenalini ya paja. Inhela peke yake haitamwokoa. Mkimbizeni kituo cha afya cha karibu, msipige hesabu za Bombo, na mmoja wenu atangulie kupiga simu waiandae.