Nani husikika Ziwa Tanganyika linapojadiliwa?

Swali (Kibirizi): Ndugu zangu, kila tunapoitwa kujadili athari za mabadiliko ya tabianchi, wataalamu na wenye vyombo vya uvuvi huzungumza kwa muda mrefu, ilhali wanawake wanaoanika dagaa huketi nyuma kimya. Tufanyeje nao wasikike?

Jibu (Ujiji): Dada, tatizo huanza kabla ya kikao, kwani anayepanga ajenda na saa ndiye anayeamua nani ataweza kufika. Mkutano wa asubuhi, dagaa wanapopokelewa mwaloni, yaani ufukweni vyombo vinapotia nanga, huwafungia nje hata kama wamealikwa. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, wao pia walikosa dagaa wa kuanika. Hili ni jambo lao kabisa.

Jibu (Kigoma mjini): Naafiki, ingawa saa pekee haitoshi. Mtaalamu anayesema kwamba kuongezeka kwa joto la maji ya juu huzuia virutubisho kupanda kutoka kilindini aeleze hivyo kwa lugha ya mwaloni, kisha wanawake wajadiliane kwanza peke yao, na msemaji wao atangulie kuzungumza, maana wengi huchukua dagaa kwa mkopo na huogopa kumpinga mwenye chombo hadharani.

Muuliza swali: Asante, kaka. Nitapendekeza pia muhtasari usomwe kwa sauti mbele yao kabla ya kutiwa saini.